Neno Lililorudi Qamsar

Mwezi wa Mei, jua halijaukausha umande,
Bibi Golandam amekwisha kumwaga kilo thelathini za waridi
katika sufuria kubwa ya shaba,
akaziba kifuniko kwa udongo, akakaa kusikiliza.
Hatumii saa. Bomba likianza kuguna, anapunguza moto.
Marashi hutoka tone, kisha tone, kisha uzi.

Mjukuu kashuka basi la Tehran,
vidole vyeusi kwa dawa ya fedha,
koti jeupe limekunjwa juu ya vitabu.
Jina lake Kimia.
Alipewa baada ya mimba tatu zilizoharibika,
kwani katika lugha ya nyumba ile kimia ni kitu adimu,
kile unachokitafuta hadi macho yakaingia ukungu.

"Na huko chuoni unasoma nini hasa?"
"Shimi, Bibi."
Ukuni ukapasuka. Hakuna aliyejibu.

Neno hilo lina safari.
Wapo wasemao lilizaliwa Misri, katika udongo mweusi wa mto;
wapo wasemao Wayunani walilimimina kama madini ya moto;
mimi sikuwepo, siapi.
Waarabu wakalivika al-, likatembea na kilemba hicho
hadi nchi za theluji. Huko wakalivua,
wakalinyoa, wakalipa mizani na daftari,
na liliporudi Uajemi kwa njia ya Wafaransa
lilikuwa limebadili hata sauti,
mwana aliyepiga hodi kwao akaulizwa: nani wewe?

Basi ndugu wawili wanakaa nyumba moja bila kujuana.

Mzee Ardeshir, baba mkwe wa Bibi, alimjua yule mkubwa.
Aliuza bustani mbili za komamanga, akanunua zebaki na salfa,
akapika usiku, miezi kumi na minne,
apate dhahabu.
Alipata rangi nyekundu, nzuri ajabu,
ambayo mkewe aliipaka mlangoni,
na meno yaliyolegea.
Mlango upo hadi leo.

Ami Yadollah alimjua yule mdogo.
Walikutana mpakani, ami ana miaka kumi na tisa,
asubuhi yenye harufu ya kitunguu saumu
mahali ambapo hakuna aliyekuwa anapika.
Alirudi na filimbi kifuani.
Mtaani hawakumwita majeruhi. Walimwita "wa shimi",
na miaka thelathini Bibi alilala
akihesabu kikohozi chake kupitia ukutani,
mpaka usiku mmoja hesabu ikakatika.

Kimia hakujitetea.
Alichutama, akakinga tone katika kichupa,
akasema taratibu, kama apitaye penye mtoto aliyelala:
"Mafuta ya waridi huelea, haba, ghali,
hayo ndiyo wanunuzi huyapigania.
Lakini kipo kimoja kinachokubali maji.
Kinayeyuka, kinabaki humo. Harufu ya mikono yako ni yake.
Ninachosoma ni hicho, Bibi:
nani anakubaliana na nani,
kwa kipimo gani, kwa moto gani,
na nani, baada ya hapo, hatarudi kuwa alivyokuwa."

Bibi akachokoa jivu.
"Na kile kilichoingia kifuani mwa mwanangu,
nacho kina kipimo?"
"Kina."
"Aliyekipima alikuwa amesoma?"
"Alisoma, Bibi. Vitabu hivihivi."

Nyuki mmoja alizunguka kifuniko, akaondoka.
Ndani ya shaba kitu kiliguna.

"Basi punguza moto," Bibi akasema,
akampa koleo, lile ambalo hata Ami hakuwahi kulishika.
Kimia akapunguza, kisha akatoa kalamu
aandike joto, saa, uzito wa maua.
Bibi akamvuta shingo, sikio likakaribia bomba:
"Kwanza hapa."

Alhamisi alirudi Tehran.
Vidole vilinukia njia nzima, watu basini wakageuka kutazama.
Weusi haukutoka.